Mbao Kwanza, Mbavu Baadaye

Anayekwenda Oman kwa mapumziko hupewa orodha ile ile: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Mutrah, ngome ya Nizwa, maji ya Wadi Shab, na akisafiri kati ya Juni na Septemba, ukungu na manyunyu ya Salalah. Yote hayo ni mazuri na sina neno nayo. Lakini kama likizo yako ni ya kupumzika kweli, na hushindani na mtu kuhesabu vituo, ningekuomba utenge asubuhi mbili kwa ajili ya mji wa Sur. Asubuhi hizo usiende popote ila kwenye karakana ya majahazi iliyo kando ya hori. Tafuta kivuli, kaa, utazame watu wanavyounda chombo cha mbao.

Nasema asubuhi mbili kwa makusudi. Anayepita kwa dakika kumi atamkuta mtu amesimama, mikono mgongoni, akiutazama ubao. Atapiga picha ya omo, ataondoka akiamini kwamba amefika wakati mafundi wamepumzika. Anayekaa ndiye atakayetambua kwamba kule kutazama ndiko kazi ilipo, na kwamba tezo hainyanyuliwi mpaka jicho limemaliza shughuli yake. Sijui ufundi mwingine ambao sehemu yake kubwa hufanyika kwa utulivu wa namna hiyo mbele ya watu, bila wengi kujua kwamba wameuona.

Sur iko kilomita 200 hivi kusini-mashariki ya Muscat. Barabara ya pwani inakwenda katikati ya milima na bahari, na kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili. Mji umeukumbatia mdomo wa hori, na ng'ambo yake kuna Al Ayjah yenye mnara wa taa, nyumba nyeupe na minara ya zamani ya ulinzi. Tangu mwaka 2009 pande hizo mbili zimeunganishwa na daraja linaloning'inia. Maji kupwa, hori hubaki na tope na ndege. Maji kujaa, vyombo vilivyolala ubavu huinuka vyote. Joto la kiangazi huko si la kudharau, linapita nyuzi 40. Sheria ya Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa hiyo anayetaka kuwaona mafundi aamke mapema. Mchana ule unafaa kulala.

Kazi huanza na mkuku: mti mmoja mrefu, mzito, uliolazwa juu ya magogo na kunyooshwa kwa uzi. Mbele husimamishwa hanamu, nguzo ya omo inayolala kwenda nje. Nyuma husimamishwa fashini, itakayobeba usukani. Mpaka hapo chombo ni mistari mitatu tu hewani. Mtu aliyezoea viwanda vya meli vya siku hizi angetarajia kuona mbavu zikipangwa juu ya mkuku, moja baada ya moja, kisha mbao zipigiliwe juu yake. Kwa desturi ya Sur mambo huenda kinyume. Mbao hutangulia. Mataruma, yaani mbavu, huingia baadaye, baada ya mistari kadhaa ya mbao kukwisha panda.

Ningependa msomaji atulie kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo linalonifanya niuheshimu ufundi wa watu wa Sur kuliko majengo yote ya mji wao. Mbavu zikitangulia, umbo la chombo limekwisha kuamuliwa. Mahali pa kutanuka pamewekwa alama, mahali pa kubana pamewekwa alama, na mpigiliaji mbao anafuata. Mbao zikitangulia, hakuna kitu chochote ndani ya chombo kinachomwambia fundi tumbo liwe pana kiasi gani, ama ubavu uanze kuinuka wapi. Hakuna mchoro ukutani. Ana uzi, ana timazi, ana pimamaji, ana mkono wake wa kupimia dhiraa. Zaidi ya hapo ana vyombo vyote alivyowahi kuviunda na kuvisaidia kuundwa, na vile alivyoviona vikirudi kutoka baharini vikiwa na kasoro. Kila ubao anaouweka ni uamuzi, na ubao unaofuata hauna budi kuukubali uamuzi huo.

Ubao mgumu kuliko wote ni wa kwanza, ule unaolala kando ya mkuku. Katikati ya chombo ubao huo umelala upande, umejitandaza. Ukisogea kuelekea omo, huanza kujizungusha, na unapofika kwenye hanamu hauna budi uwe umesimama karibu wima. Ni ubao mmoja, mti mgumu, na lazima ugeuke hivyo bila kupasuka. Sehemu nyingine hupatikana kwa moto: mti huloweshwa, hutiwa joto, kisha huvutwa polepole kwa kamba na jiriwa, kidogo, wakingoja, kidogo tena. Sehemu nyingine haipatikani kwa moto. Hiyo huchongwa kwa tezo kutoka kwenye mti mnene, na mti mwingi humalizikia chini, vibanzi tupu. Ubao ukishachongwa hupelekwa mahali pake, hutazamwa, huondolewa, hupunguzwa unene wa ukucha, hurudishwa. Mwanga ukionekana kati yake na mkuku, huondolewa tena.

Hapo ndipo utakapomwona fundi mkuu akirudi nyuma hatua kumi na kusimama. Anatazama kutoka omo, macho yakifuata ukingo wa ubao hadi tezi. Anahamia upande wa pili, anatazama tena. Kulia na kushoto lazima pawe sawa, na hakuna mashine itakayomthibitishia. Chombo kilichoegemea upande tangu kuundwa kwake hakina dawa. Nahodha atahangaika na usukani maisha yote ya chombo hicho. Fundi analijua hilo, na ndiyo maana haoni haya kusimama pale robo saa nzima bila kugusa chombo. Wanagenzi nao wanasimama. Hakuna anayemharakisha.

Tezo yenyewe inastahili macho yako. Ni kifaa chepesi, bapa lake la chuma limelala msalaba kwa mpini, na fundi hukitumia amesimama, akichonga kuelekea kwake, karibu na mguu wake. Mtu asiyejua huogopa kutazama. Mwenye kujua anaondoa kibanzi chembamba kila pigo, na uso unaobaki ni laini, hauhitaji randa isipokuwa pale palipo na haja ya kupendeza. Sikiliza mlio. Mti mkavu na mti mbichi haitoi sauti moja, na penye fundo pigo hubadilika kabla hata fundo halijaonekana. Siku hizi msumeno wa umeme na tupa za umeme zimeingia, na sioni ubaya. Mti wa kupasuliwa kwa siku mbili hupasuliwa kwa saa moja. Lakini penye mviringo wa omo mashine huwekwa chini na tezo hurudi.

Miti ina habari yake. Oman ni nchi kavu na haikuwahi kuwa na misitu ya kutoa mbao ndefu, kwa hiyo msaji ulitoka Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, na uliletwa na vyombo vile vile vilivyoundwa kwa msaji. Msaji una mafuta yake ndani; maji ya chumvi hayauumizi upesi. Mataruma, kinyume chake, hupatikana nyumbani. Mkunazi na migunga ya Oman haikui sawasawa, inapinda huku na huku, na kwa mjenga nyumba miti hiyo ni hasara tupu. Kwa muunda chombo ni neema. Taruma linalotakiwa kupinda hivi hutafutwa kwenye tawi lililokwisha pinda hivyo lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mviringo wote bila kukatwa. Tawi la namna hiyo halivunjiki kwa wimbi. Basi kando ya karakana huwa pana lundo la matawi yaliyopinda, ambalo mgeni hudhani ni kuni. Fundi hulizunguka lundo lile akiwa na kipande cha ubao mwembamba kilichokatwa kwa umbo la mahali anapotaka kupajaza, akilinganisha tawi na tawi. Ndivyo fundi cherehani anavyompima mtu aliyesimama mbele yake, badala ya kumtaka mtu ajibane ndani ya kanzu iliyokwisha shonwa.

Mataruma yakishaingia, misumari hupigwa. Ni mirefu, ya chuma, na tundu lake hutobolewa kwanza; zamani kwa keekee, ule upinde unaozungusha ncha kwa kuvutwa huku na huku. Chini ya kichwa cha kila msumari huzungushwa nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, ili maji yasifuate njia ya chuma. Fikiria ni misumari mingapi ndani ya chombo kimoja, na kila mmoja umevishwa hivyo kwa mkono. Kisha huja kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta husokotwa na kushindiliwa katika kila mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, na mdundo wa nyundo za wapiga kalafati, wakiwa wamepangana ubavuni mwa chombo, ni sauti utakayoikumbuka. Nje, sehemu itakayokuwa chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili minyoo ya baharini isitoboe mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake ni kali, na aliyekulia Lamu, Tanga au Nungwi hatahitaji kuelezwa.

Msumari ni mgeni katika habari hii. Kwa muda mrefu kabla yake, vyombo vya bahari yetu vilishonwa. Kitabu cha safari cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinavitaja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki, huko Rhapta, na kinavitaja pia katika bandari ya Omana, kutoka ambako viliuzwa Arabuni. Pwani mbili, kitabu kimoja, uzi mmoja. Marco Polo alivikuta Hormuz na hakuvipenda hata kidogo. Aliviona dhaifu na vya hatari. Ibn Battuta aliona tofauti. Yeye alieleza kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa hujinyumbulisha na kuokoka. Naamini zaidi maneno ya Ibn Battuta, maana alisafiri ndani ya vyombo hivyo miaka mingi. Alitoka Kilwa mnamo mwaka 1331, akapita Dhofar, na baadaye akatia nanga Sur hii hii ninayoisimulia. Kutoka hapo aliuona mji wa Qalhat kwenye mteremko, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Alifika amechoka, ana kiu, na miguu imevimba ndani ya viatu. Qalhat leo ni magofu, na tangu mwaka 2018 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Utaipita njiani ukitoka Muscat, na kaburi la Bibi Maryam bado limesimama. Nenda kwa gari.

Kushona chombo si kufunga kamba tu. Mbao mbili huwekwa ukingo kwa ukingo, matundu hutobolewa pande zote mbili, kisha ndani, juu ya maungio, hulazwa kitita cha nyuzi za makumbi ya nazi. Kamba ya usumba hupitishwa tundu hili na lile, ikivuka juu ya kitita, ikivutwa na watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wasioonana. Kila mvuto lazima ulingane na uliotangulia. Kamba ikilegea mahali pamoja, mbao zitasagana baharini mpaka mwanya ufunguke. Ikikazwa kupita kiasi, ukingo wa ubao hupasuka. Wawili hao husikilizana kwa mkono na kwa kugonga ubao.

Jambo hili lingekuwa limebaki vitabuni kama si kazi ya mwaka 1980. Mwaka huo, hapo hapo Sur, kiliundwa chombo kikubwa cha kushonwa kilichopewa jina Sohar, chenye urefu wa mita 26 na ushei, bila msumari kwenye mbao zake. Msafiri Tim Severin alikuwa ameomba kujaribu njia ya zamani ya Waarabu kwenda China, na Sultan Qaboos akagharimia. Mbao zilitoka Malabar, za mti uitwao aini, ambao ni wa jamaa moja na mfenesi na mshelisheli wetu. Kamba ya usumba iliyotumika ilizidi kilomita 600. Washonaji walitoka kisiwa cha Agatti, katika visiwa vya Lakshadweep, ambako mikono ya watu ilikuwa bado inajua kazi hiyo. Sohar iling'oa nanga Muscat Novemba 1980 na kuingia Guangzhou Julai 1981. Leo imewekwa kwenye mzunguko wa barabara mbele ya hoteli ya Al Bustan Palace, Muscat, na magari huizunguka mchana kutwa. Simama. Itazame mishono yake kwa karibu kabla ya kwenda Sur, kwa kuwa ukifika Sur utataka kuwa umeiona.

Sisi tulikuwa na mtepe. Watu wa visiwa vya Lamu waliushona kwa usumba na kuutia tanga la mkeka, na uliendelea kusafiri mpaka mwanzo wa karne ya 20, wakati vyombo vya misumari vilikuwa vimeenea kila mahali. Makumbusho ya Lamu yana mfano wake. Nikiwaza mshonaji wa mtepe na mshonaji wa Agatti, naona watu ambao wangeweza kukaa ubavuni mwa chombo kimoja wakafanya kazi asubuhi nzima bila mkalimani.

Sur ilitajirika kwa vyombo hivi. Katika karne ya 19 meli zake zilikuwa nyingi kuliko za bandari nyingine za Oman. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba, zilishuka na tende, chumvi na samaki mkavu hadi Mombasa, Unguja na kusini zaidi. Kusi iliporudi zilipanda na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, karafuu, nazi na nafaka. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba zimeezekwa kwa boriti hizo; upana wa chumba ulifuata urefu wa mkoko. Na milango ya mbao iliyochongwa utakayoiona ukitembea vichochoro vya Sur haitakuwa ngeni kwako kama umewahi kupita Mji Mkongwe.

Vyombo hivyo hivyo vilibeba watu. Hili haliwezi kuachwa nje, hasa na mwandishi wa pwani yetu. Chini ya sitaha zilizochongwa kwa uangalifu ninaousifia, watumwa walisafirishwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni na Ghuba. Waingereza walipoanza kuzisaka meli hizo, baadhi ya wenye vyombo wa Sur walijipatia hati na bendera za Ufaransa ili wasipekuliwe. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya bendera hizo ulifikishwa The Hague, na hukumu ikatolewa mwaka 1905. Ninapoutazama mviringo wa omo na kuusifu, naukumbuka pia mzigo, na sitaki kimoja kiufute kingine. Mkono uliochonga ulichonga vizuri. Waliofungwa ndani walifungwa.

Kando ya karakana, juu ya nchi kavu, imesimamishwa Fatah al-Khair. Ni ganja, aina ya jahazi kubwa la biashara, iliyoundwa Sur mwaka 1951, wakati biashara ya matanga ilikuwa inafifia. Ilifanya kazi miaka mingi, ikauzwa ng'ambo, ikaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakainunua, wakairudisha. Najua miji iliyochanga kujenga uwanja wa mpira au ukumbi wa harusi. Mji uliochangia jahazi kuukuu lililouzwa kwa haki una mapenzi ya aina yake. Kwa mgeni, faida ya kuiona imesimama nchi kavu ni kwamba tumbo lote liko wazi. Chuchumaa karibu na mkuku upande wa omo, ukitafute kile kipinda cha ubao wa kwanza nilichokieleza. Kipo pale, na miaka yote hii hakijafunguka. Kisha uzunguke tezi. Shetri ya ganja ni pana, imekatwa mraba, na imechongwa maua na misuko; wengi huona ndani yake athari ya merikebu za Wareno. Michoro hiyo ndiyo inayopigwa picha zaidi. Ni mizuri, ila mimi nisingeipa dakika nyingi. Mchongaji wa maua akikosea huweka ua jingine.

Karakana ya leo si ile ya zamani, na ni vyema kwenda ukijua hivyo. Boti za faibaglasi zimechukua uvuvi. Hutolewa kwenye umbo moja, mamia zikifanana, kwa bei ambayo mbao haziwezi kushindana nayo, na mvuvi mwenye watoto wa kulisha hana sababu ya kulaumiwa. Vyombo vya mbao vinavyoundwa sasa ni vichache, vingi kwa ajili ya matajiri, mashindano na watalii, na kazi kubwa ni matengenezo na kuchonga mifano midogo ya kuuza. Mikono mingi inayoshika tezo imetoka Bara Hindi. Wapo wanaosikitika kwamba si Waomani. Mimi sisikitiki kwa hilo. Msaji ulitoka huko, washonaji wa Sohar walitoka huko, na bahari hii haikuwahi kuuliza fundi ametoka bandari gani. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine: fundi mkuu anahitaji kuunda vyombo vingi ili jicho lake likomae. Mwanagenzi anayeona mkuku mmoja ukilazwa kila baada ya miaka kadhaa atajifunza kushika tezo, lakini atakuwa na vyombo vichache mno kichwani vya kulinganisha na kile kilicho mbele yake.

Ndiyo maana naona serikali ya Oman ilifanya jambo la maana ilipoagiza chombo kingine cha kushonwa, Jewel of Muscat, kilichoundwa Qantab karibu na Muscat kwa kufuata mabaki ya jahazi la karne ya 9 yaliyopatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kilisafiri hadi Singapore mwaka 2010 na kutolewa zawadi. Kilichobaki ni ujuzi wa mikono iliyokishona. Fedha za aina hiyo ningependa zitumike mara kwa mara, hata kwa vyombo vidogo visivyokwenda mbali wala kupigwa picha na magazeti.

Jioni, kama bado una nguvu, endesha mpaka Ras al-Jinz, mwendo usiofika saa moja. Kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga usiku, na kiangazi ndicho kipindi chao cha wingi; huingii ila pamoja na mwongozaji. Lakini rudi Sur ulale, maana una asubuhi ya pili.

Asubuhi hiyo ya pili usimwulize fundi chombo kitauzwa bei gani, wala kitakwisha lini. Maswali hayo ameyajibu mara nyingi. Mwulize ubao upi ulimsumbua. Kama mnakosa lugha, onyesha kwa kidole na uinue mabega. Na ukirudi nyumbani, likizo ikiwa imebakiza siku, swali hilo hilo lipeleke Nungwi ya Unguja au Matondoni ya Lamu, ambako majahazi bado huundwa ufukweni na hakuna anayekuzuia kukaa. Usishangae ukionyeshwa mahali pamoja: chini, upande wa omo, pale ubao unapoacha kulala na kuanza kusimama.